Majina ya shule Marekani: someni muhtasari wa kikao kwanza

Maswali ya safari hii yote yanahusu shule za umma za Marekani zenye majina ya waliomiliki au kuutetea utumwa. Nimeyafupisha. Yaliyojirudia nimeyajibu mara moja.

Kwa nini mnamsakama Jenerali Robert E. Lee? Si aliwaacha watumwa wake huru kwa hiari yake?

Lee ni jenerali wa majimbo ya Kusini yaliyopigania kuuhifadhi utumwa. Swali hili limekuja kwa sura tatu tofauti na zote zina kosa lilelile. Watu wale walipata uhuru kwa wasia wa baba mkwe wake, George Washington Parke Custis, aliyefariki Oktoba 1857. Wasia ulitaka waachwe huru ndani ya miaka mitano, na Lee alikuwa msimamizi wa mirathi. Alikwenda mahakamani kuomba muda uongezwe, akakataliwa. Hati akaitia saini mwishoni mwa Desemba 1862, miaka mitano ikiwa imeshapita. Katikati ya muda huo, mwaka 1859, Wesley Norris na wenzake walitoroka, wakakamatwa na kuchapwa viboko. Norris mwenyewe alieleza hayo mwaka 1866. Hiari hiyo ni ya mdaiwa anayelipa dalali wa mahakama akiwa ameshabisha hodi. Tafadhali msinitumie tena swali hili.

Sisi wazazi tunataka bodi ya shule ibadilishe jina. Tuanzie wapi?

Msianze na mabango. Anzeni na karatasi.

Tafuteni kwanza sera ya bodi kuhusu majina. Ndiyo inayosema nani anaruhusiwa kuleta ombi, linapita kwenye kamati gani, na kama jina la mtu aliye hai linakubalika. Ombi lililokosea mlango hukaa mezani hadi watoto wenu wahitimu.

Kisha ombeni, kwa sheria ya jimbo ya kumbukumbu za umma, muhtasari wa kikao kilichotoa jina. Tajeni miezi na mwaka. Mkiandika "kila kitu kuhusu shule yetu" mtajibiwa kwamba ombi ni pana mno, au mtaletewa ankara ya kunakili makaratasi. Someni na gazeti la mji la wiki ileile, maktaba huwa nayo. Hapa ndipo hoja nyingi hushinda au hufa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe, ambavyo Kusini ilishindwa, viliisha 1865. Mahakama ya Juu iliharamisha utengano wa rangi shuleni mwaka 1954, katika kesi ya Brown. Sasa tazameni miaka zilipofunguliwa shule zenye majina ya majenerali wa Kusini: Lee ya Montgomery, Alabama, 1955, Lee ya Tyler kule Texas 1958, J.E.B. Stuart ya Fairfax, Virginia, 1959, Nathan Bedford Forrest ya Jacksonville, Florida, 1959, Stonewall Jackson ya Shenandoah, Virginia, 1959. Anayewaambia kwamba jina ni urithi wa vita mwombeni aeleze kwa nini urithi huo ulisubiri zaidi ya miaka tisini, hadi watoto weusi walipokaribia mlango. Mkikuta shule yenu ilipewa jina mwaka 1890 kwa sababu mtu huyo alitoa kiwanja, hoja hii haiwafai, tafuteni nyingine.

La tatu ni hati ya ardhi. Kuna viwanja vilivyotolewa kwa sharti la jina, na sharti likivunjwa warithi wanaweza kudai kiwanja. Mwanasheria aione kabla ya kikao, si baada. La nne ni sheria ya jimbo. Alabama ina sheria ya 2017 inayolinda minara ya kumbukumbu na majina ya zamani, na faini yake ni dola 25,000. Bodi ya Montgomery iliamua kubadilisha hata hivyo.

Mkifika kwenye kura, dai lenu liwe kura mbili katika vikao viwili: ya kwanza kuliondoa jina la zamani, ya pili kuchagua jipya. Zikichanganywa, wote wasiolipenda jina jipya wanajikuta upande wa Jenerali.

Bodi ya San Francisco ilijaribu kusafisha majina yote ikaonewa. Si kweli?

Haikuonewa, ilijikwaa yenyewe. Januari 2021 ilipiga kura 6 kwa 1 kuondoa majina ya shule 44, wakiwemo marais Washington, Jefferson na hata Lincoln. Kamati haikuwashirikisha wanahistoria, na baadhi ya utafiti wake ulitoka Wikipedia. Ilimshutumu Paul Revere, shujaa wa vita vya uhuru wa Marekani, kwamba alishiriki msafara wa kuwapokonya ardhi Wapenobscot, wenyeji asilia. Msafara wenyewe wa 1779 ulikwenda kushambulia ngome ya Waingereza. Uamuzi ulifutwa Aprili 2021, na Februari 2022 wapiga kura waliwaondoa wajumbe watatu wa bodi. Ni kweli kulikuwa na hasira nyingine, hasa ya shule kufungwa muda mrefu, lakini orodha ile iliongeza kuni. Kosa moja la Revere liliwapa wapinzani ruhusa ya kuyakejeli majina yote 44, hata yale yaliyostahili kuondoka.

Kwa hiyo kila aliyemiliki watumwa aondolewe? Jibu ndiyo au hapana.

Hapana, silijibu hivyo. Bodi ya New Orleans ilijaribu: sera yake ya 1992 ilikataa majina ya waliomiliki watumwa, na mwaka 1997 shule ya George Washington ikawa ya Dk. Charles Drew, daktari mweusi. Kigezo hicho ni rahisi kukipima, nacho ni halali mradi mnakubali kinakowapeleka. Washington alipofariki 1799 kulikuwa na watumwa 317 katika shamba lake la Mount Vernon. Wake mwenyewe 123 aliwaachia uhuru kwa wasia.

Sasa mpimeni Roger Taney kwa kigezo hichohicho. Aliwaacha huru watumwa wake miaka mingi kabla ya vita. Kisha mwaka 1857, akiwa Jaji Mkuu, akaandika hukumu ya Dred Scott iliyosema mtu mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani. Shule yenye jina lake huko Prince George's, Maryland, iligeuzwa mwaka 1993 kuwa ya Thurgood Marshall, wakili wa kesi ya Brown. Kigezo cha kumiliki peke yake kingemwondoa Taney kwa watumwa aliokwisha waacha huru, huku hukumu ile haijaguswa. Naona ni bora kuuliza anakumbukwa kwa lipi, na waliompa shule walikusudia nini. Vyovyote iwavyo, kigezo kiandikwe na kupitishwa kabla ya jina lolote kutajwa.

Woodrow Wilson alimiliki watumwa wangapi?

Hakuna, rais huyo alizaliwa 1856, alikuwa mtoto utumwa ulipokomeshwa. Shule yake ya Washington, D.C., iliitwa Jackson-Reed mwaka 2022 kwa sababu ya utengano wa rangi alioushamirisha katika ofisi za serikali. Mnaochanganya mambo haya mawili mnawarahisishia kazi wapinzani.

Cheti changu kitakuwa batili?

Hakitakuwa. 

Gharama je? Kuna aliyependekeza tubakize herufi zilezile.

Pesa huenda kwenye sakafu ya ukumbi wa michezo, ubao wa magoli, jezi, sare za bendi na alama za nje. Barua, mihuri na tovuti ni kidogo. Badilisheni vya nje mara moja, na jezi kwa mzunguko wake wa kawaida. Mjumbe akija na tarakimu moja kubwa, mwambieni aichambue kipengele kwa kipengele. Mara nyingi amehesabu na vitu vilivyokuwa vinunuliwe upya hata hivyo.

Herufi zilezile ni ujanja. San Antonio waliigeuza Lee mwaka 2017 kuwa LEE, kifupi cha maneno matatu ya kusifu elimu, na watu wakaendelea kuita Lee. Austin mwaka 2016 waliipa shule jina la mpiga picha Russell Lee. Huyo angalau alikuwa mtu. Lakini kabla ya hapo walifungua mlango kwa mapendekezo ya kila mtu, na Donald Trump akaongoza. Kamati itoe majina matatu au manne yaliyochunguzwa, umma uchague humo.

Bodi mpya inaweza kulirudisha jina la zamani?

Inaweza kupiga kura hiyo. Shenandoah waliondoa Stonewall Jackson Julai 2020, wakati wa korona, na Mei 2024 bodi nyingine ikalirudisha kwa kura 5 kwa 1; mwezi uliofuata tawi la Virginia la NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, likaenda mahakamani. Hoja kuu ya waliolirudisha ilikuwa kwamba wananchi hawakusikilizwa 2020. Kwa hiyo fanyeni mikutano ya hadhara isiyopungua miwili, mmoja wake jioni baada ya kazi, na tangazo, orodha ya wahudhuriaji na maoni yaliyoandikwa viambatishwe kwenye muhtasari siku ileile ya kura.