Kabla mama hajahamia nyumba ya wazee

Dada, umeuliza utajuaje kama nyumba ya wazee huko Leeds ni salama kabla mama hajahamia. Anza na ripoti ya CQC, chombo kinachokagua nyumba hizo England (Scotland na Wales wana vyombo vyao). Madaraja ambayo CQC huipa kila nyumba ni manne: bora sana, nzuri, inahitaji kuboreshwa, haifai. Tangu 2015 sheria inawataka wenye nyumba wabandike daraja lao mahali linapoonekana, usipoliona, uliza. Lakini tazama tarehe ya ukaguzi! "Nzuri" ya miaka minne iliyopita haikuambii nani anamhudumia mama leo, na meneja akiondoka mambo huweza kubadilika haraka sana. Soma hasa sehemu ya usalama: dawa, kuanguka, vidonda vya kulala muda mrefu. Kisha nenda mwenyewe, jioni au Jumapili. Uliza usiku wanabaki wahudumu wangapi kwa wazee wangapi, na wangapi kati ya wahudumu hao ni wa muda, walioletwa na wakala wa ajira. Kengele ikilia, anakuja mtu? Maji yapo karibu na mkono wa mzee? Wakikuzuia kufika bila miadi, mimi nisingempeleka mama yangu hapo.