Maswali ya Wasomaji: Je, Ninunue Hisa za Kampuni Inayotengeneza Kamera za Ukaguzi Viwandani?

Swali: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi wa mitambo katika kiwanda cha vinywaji mjini Thika. Kwenye laini yetu ya kujaza chupa kuna kamera ya Cognex, kampuni ya Kimarekani, ambayo huangalia kila chupa kama kizibo kimekaa sawa na lebo imebandikwa inavyotakiwa, kisha huupa mtambo ishara ya kuitoa yenye kasoro. Kwa miaka sita haijatusumbua. Nina akiba kidogo, na rafiki yangu ananihimiza ninunue hisa za kampuni hiyo kwa kuwa viwanda vyote vinaelekea huko. Je, nimsikilize? – Fundi, Thika

Jibu: Ndugu Fundi, umeanza mahali panapofaa, kwa sababu unaijua bidhaa kwa kuitumia kila siku, na wengi wanaonunua hisa hizo hawajawahi kuiona. Hata hivyo, kabla ya kwenda kwa dalali wa hisa, nakuomba ujiulize: katika miaka hiyo sita, kiwanda chenu kimeinunua kamera hiyo mara ngapi? Kama ni mara moja tu, basi uimara unaokufurahisha wewe ndio unaoifanya kampuni isubiri miaka mingi kabla ya kuwauzia nyingine. Soda hununuliwa kila siku, lakini kamera ya ukaguzi hununuliwa pale mwenye kiwanda anapojenga laini mpya au kubadilisha ya zamani, na uamuzi huo huahirishwa mara riba inapopanda au mauzo yanapolegea.

Cognex ilianzishwa mwaka 1981 na Robert Shillman, aliyekuwa mhadhiri wa chuo cha MIT, pamoja na wanafunzi wawili wa chuo hicho, Bill Silver na Marilyn Matz. Makao yake ni Natick, Massachusetts, na hisa zake zimekuwa zikiuzwa katika soko la hisa la Nasdaq nchini Marekani tangu 1989. Wateja wake wakubwa ni watengenezaji wa magari na wa vifaa vya elektroniki, viwanda vya vifungashio, na maghala yanayopanga mizigo kwa kusoma msimbo pau.

Sasa tazama hesabu zake. Mwaka 2021, biashara ya mtandaoni ilipokuwa imepanuka kwa sababu ya korona na maghala yakijengwa kwa kasi, mapato yalifika dola milioni 1,037. Mwaka uliofuata moto ulizuka katika kiwanda cha mkandarasi wake nchini Indonesia na kuteketeza vipuri vingi, huku wenye maghala wakipunguza ujenzi, na kufikia 2023 mapato yalikuwa yameshuka hadi dola milioni 837. Mwaka 2024 yalipanda hadi dola milioni 914, ila sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokana na Moritex, kampuni ya lenzi ya Japani iliyonunuliwa Oktoba 2023. Linganisha sasa 2021 na 2024: mapato yalipungua kwa asilimia 12 hivi, lakini faida halisi ilishuka kutoka dola milioni 280 hadi milioni 106. Sababu mojawapo ni kwamba wahandisi na wauzaji hulipwa mshahara uleule, kamera ziuzike zisiuzike. Rafiki yako yuko sahihi kuhusu mwelekeo wa viwanda. Alichokisahau ni kwamba safari hiyo ina mabonde yanayodumu miaka miwili au mitatu.

Sisemi kwamba kampuni ni dhaifu. Katika kila dola 100 za mauzo ya 2024, gharama za uzalishaji zilichukua takribani dola 32 tu, jambo linaloonyesha kwamba mteja hulipia programu na ujuzi ulio ndani ya kamera kuliko chuma na kioo chake. Tena, programu zake za akili unde, ambazo hufundishwa kasoro kwa kuonyeshwa picha, zinaweza kukagua vitu ambavyo kanuni za zamani zilishindwa kuvikagua, kama mshono wa kitambaa au mkwaruzo usio na umbo maalumu. Mimi binafsi naiheshimu sana kampuni hii.

Kinachonizuia kukuambia ununue bila kusita ni bei. Mwisho wa 2024 hisa moja iliuzwa karibu dola 36, ilhali faida ya mwaka huo kwa kila hisa ilikuwa senti 62. Mnunuzi alilipa takribani mara 58 ya faida ya mwaka, maana yake alikwisha kulipia ufufuo ambao wakati huo ulikuwa bado haujatokea. Gawio, yaani sehemu ya faida wanayolipwa wenye hisa, nalo ni dogo, takribani senti 30 kwa hisa mwaka 2024, na kwa kuwa Kenya haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, asilimia 30 ya gawio hilo hukatwa kabla halijakufikia.

Usiisahau shilingi pia. Aliyenunua dola Januari 2024 kwa takribani shilingi 160 aliikuta Agosti ikiwa 129, hivyo alipoteza karibu moja ya tano kwa hesabu ya shilingi, hata kama bei ya hisa isingesogea. Kwa hiyo, weka humo fedha ambazo hutazihitaji kwa miaka mitano, zisizidi sehemu ya kumi ya akiba yako, na ununue kidogo kidogo. Karo ya watoto isiguswe kabisa.

Swali: Je, Keyence ya Japani, ambayo nayo hutengeneza kamera za ukaguzi, si bora zaidi kuliko Cognex? – Msomaji, Muscat

Jibu: Kwa faida, Keyence iko mbele kwa mbali: zaidi ya nusu ya mapato yake hubaki kuwa faida ya uendeshaji, na inauza pia vitambuzi na vifaa vya vipimo kupitia wauzaji wake yenyewe wanaoingia viwandani moja kwa moja. Tatizo ni mlango wa kuingilia. Katika soko la Tokyo hisa huuzwa kwa mafungu ya 100, na mwishoni mwa 2024 hisa moja ilizidi yeni 60,000, hivyo fungu moja lilihitaji zaidi ya yeni milioni 6. Kama fungu hilo moja litachukua akiba yako yote, tafuta kwanza mfuko wa pamoja wa uwekezaji unaomiliki Keyence pamoja na kampuni nyingine za Japani.