Nimepata faida, mbona simu inaniandikia -300%?

Swali: Assalam aleikum mhasibu. Nauza samaki wa kukaanga na viazi karai hapa Langoni, Lamu. Mwezi wa saba kusi ilikuwa kali, samaki hawapatikani na bei iko juu, nikaingia hasara 1,500. Mwezi wa kumi nimebakiwa na faida 3,000. Nimeingiza kwenye Excel ya simu ikatoa -300%. Kwani nimeanguka? Halafu matumizi ya nyumbani yamepanda asilimia 50, mshauri wa grupu yetu ya WhatsApp anasema nipunguze asilimia 50 yatarudi palepale. Ni kweli?

Jibu: Waaleikum salaam dadangu. Hujaanguka popote, umepanda shilingi 4,500: 1,500 za kufukia shimo na 3,000 juu yake. Simu imefanya ilivyoambiwa tu, imechukua hizo 4,500 ikagawanya kwa -1,500, na chanya ukigawanya kwa hasi jibu huwa hasi. Na usifute hiyo alama ukabaki na 300% ukafurahi, maana hata hiyo ni bure, hasara yako ingekuwa shilingi 10 tu basi simu ingekwambia asilimia 30,100 na wewe faida yako ni ileile 3,000. Ukianzia hasi au sufuri andika shilingi, asilimia achana nayo.

Sasa huyo mshauri. Hawa watu wananichosha wallahi, kila wiki naletewa daftari la mtu aliyeharibiwa hesabu na grupu. Tuseme ulikuwa unatumia 12,000, yakapanda asilimia 50 yakawa 18,000. Ukikata asilimia 50 unakata nusu ya 18,000, unabaki na 9,000, yaani umejinyima 3,000 za unga na mafuta ya kupikia bila sababu, halafu mwezi ukifika tarehe 20 unakopa na unajiona huna nidhamu. Wa kurudi 12,000 anakata 6,000 katika 18,000, ambayo ni kama asilimia 33. Asilimia 50 ya kupanda ilihesabiwa kwa 12,000, ya kushuka inahesabiwa kwa 18,000, sasa zitalingana vipi? Kosa hilohilo nalikuta kwenye risiti za VAT, mtu ana bei ya 1,160 iliyo na kodi ndani yake anatoa asilimia 16 ya 1,160 anapata 185.60, na kodi hapo ni 160 kamili, yaani asilimia 16 ya 1,000, bei ya kabla ya kodi.

Lakini kwenye mikopo ndio watu wanaumia hasa. Mtu akikwambia "asilimia kumi tu kwa mwezi" muulize kumi ya nini, ya pesa uliyochukua au ya deni lilivyofika leo? Mambo ya riba kidini muulize sheikh, mimi naongea hesabu. Umechukua 5,000, hujalipa kitu, na kila mwezi kumi inapigwa juu ya deni zima, wengi wanadhani baada ya mwaka ni 11,000. Ni karibu 15,700. Na siku ukienda kulalamika huyo mkopeshaji atakukazia macho akwambie si tuliandikiana kumi, mimi nimekupigia kumi, umeona nimezidisha wapi?