Mbwa, matembezi na wale wa pua nyekundu

Dada, unasema unatamani kumpeleka mbwa wako kwenye tamasha, ila ukiwaona wachekeshaji waliojipaka rangi usoni miguu inakuishia nguvu. Si utoto huo. Tabasamu la kuchorwa halibadiliki, hujui mtu amefurahi au amekasirika, ndiyo maana mwili unashtuka.

Mimi ningeangalia zaidi kamba ya mbwa. Ukiogopa utaikaza, na mbwa naye ataingiwa na wasiwasi: mkia chini, anajilamba midomo, anapiga miayo bila usingizi. Ilegeze, toa pumzi taratibu, mpite mbali na wachekeshaji hao. Wakikuita kupiga picha, kataa (wacheke wakitaka). Nyumbani anza kuzoea kuwatazama kwenye picha, kisha video. Hofu ikikufungia ndani kabisa, mwone mwanasaikolojia.