Nilifumba macho, bibi akaondoka

Mhariri, wiki hii mmeuliza: wamishonari wakifika na msaada baada ya maafa, sala itangulie au chakula? Mimi ni mzee wa kanisa huku Malindi, na jibu langu nililipata kwa aibu.

Ilikuwa Novemba 2023, mvua za El Niño. Mto wetu Sabaki una vituko. Mvua hunyesha bara, maji ya Athi na Tsavo yakakutana yakawa Galana, na sisi huku chini yanatufikia baadaye, pengine jua linawaka na watu wako shambani. Safari ile ilinyesha huku na huko. Mahindi yakaenda, migomba ikalala, mbuzi wakasombwa. Vyoo vya shimo vikajaa maji, na choo kikifurika kisima nacho si cha kunywa tena, ndiyo maana kitu tulichokililia kwanza ni dawa ya maji, si blanketi.

Wageni wakaja na lori: unga, maharagwe, mafuta, vyandarua, maturubai. Watu wema, sina neno nao. Ratiba niliipanga mimi: wimbo, sala, neno fupi, halafu mgao. Mkalimani pia nilikuwa mimi, kwa hiyo kila sentensi ilisemwa mara mbili, na lile neno fupi likazaa mengine. Watoto walikuwa wamekaa mchangani wakihesabu magunia kwa vidole. Pembeni, chini ya mwarobaini, alisimama bibi mmoja wa upande wa Mambrui, buibui limelowa tope hadi magotini, ndara ameshika mkononi. Niliposema "tufumbe macho" nikafumba na mimi. Nilipofumbua, hayupo.

Na kumbukeni ulikuwa mwaka gani. Aprili ya mwaka huohuo, kule msitu wa Shakahola, huku huku kwetu, walianza kufukuliwa watu walioambiwa na mhubiri wao wafunge mpaka wafe ili wakamwone Yesu. Miili ilipita 400. Halafu Novemba mtu ameshika Biblia anawaambia wenye njaa wa Malindi wasubiri kidogo. Mimi mwenyeji sikuliona hilo, sembuse mgeni?

Jioni nikamweleza kiongozi wao. Akanikumbusha kwamba hata Yesu alishukuru kabla ya kuimega ile mikate mitano. Ni kweli. Lakini alishukuru mikate iko mkononi na watu wameshaketi kwenye majani tayari kula. Hakuwaombea kwanza ndipo akaenda kuitafuta. Mgeni akanyamaza, kisha akaniuliza yule bibi anakaa wapi.

Kesho yake nikapanda bodaboda na mfuko wa unga na dawa ya maji. Nilimkuta kwa mpwawe, anaanika mkeka. Nikaomba radhi. Akasema, "Dua si mbaya, mwanangu. Hata mimi usiku ule niliomba mpaka alfajiri. Ila pale jana niliona kama nauziwa." Akaupokea ule unga kwa Bismillahi, akamwita mjukuu aweke sufuria.

Tangu hapo tumegeuza. Orodha ya majina inatoka kwa mzee wa mtaa, si kwa mchungaji, na majina yanasomwa bila kuulizwa mtu anaswali wapi. Mgao ukiisha, anayetaka kuombewa anabaki chini ya mwarobaini, na tunamwuliza kwanza aombewe nini. Majibu yao yamenifundisha kuliko mahubiri mengi: mmoja ametaka tumwombee mume anayekataa kuhama bondeni, mwingine ng'ombe wake aliyepotea, kwa rangi na alama ya sikioni. (Suala la kupigwa picha ukiwa na gunia kichwani, hilo liulizeni wiki ijayo, nina mengi.)

Wapo wazee wenzangu wanaolalamika kwamba wengi huchukua unga wakaenda zao. Waende. Nyumbani moto umeshawashwa.

Msomaji, Malindi