Globu yangu ya kwanza haina Tanga

Niliifuta mwenyewe globu hiyo, ule mpira wa ramani ya dunia wa kuzungusha mezani, kwa sabuni ya kipande na kitambaa kibichi. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeinunua kwa muuza vyuma chakavu, hapa hapa Ngamiani, Tanga. Yeye alichokitaka ni ule upinde wa shaba unaoishika tu, auze kwa kilo. Mpira wenyewe alikuwa amewaahidi watoto wake wauchezee. "Shangazi, nipe elfu kumi na tano uondoke nayo nzima," akaniambia, nami nikarudi nyumbani natembea kama nimeokota dhahabu. Ilikuwa imeshika masizi ya miaka. Basi nikafanya alichonifunza marehemu mama juu ya kitu chochote kinachoingia ndani kutoka jalalani: nikaiosha. Maji yakatoka rangi ya chai, nikafurahi, nikisema uchafu huo unatoka. Kumbe ni vanishi. Nilipoinua kitambaa, pwani yote kutoka Lamu mpaka Kilwa ilikuwa imenijia mkononi kama ngozi ya maziwa.

Sasa nina globu saba, na watu wakiziona sebuleni huniuliza wapate wapi na wao. Kabla ya wapi, naomba nianze na hilo la maji.

Globu ya zamani si plastiki iliyochapwa picha. Ndani ni mpira wa karatasi iliyogandishwa kwa gundi, mara nyingi umepakwa plasta nyembamba. Juu yake hubandikwa ramani iliyokatwa vipande, kwa kawaida 12, kila kimoja kimechongoka juu na chini kama pande la chungwa, hadi vikutane kwenye ncha mbili za dunia. Mwisho ndiyo vanishi. Ukiikagua vizuri utaona maungio yake yanapita baharini na nchi kavu, na mahali fulani mto haukukutana sawasawa na mwenzake, kwa sababu fundi alikuwa binadamu. Gundi hiyo ikionja maji, inaachia. Kwa hiyo futa kwa brashi laini, kavu. Mimi natumia brashi ya kupakia poda, mpya, isiyowahi kugusa uso wa mtu. Na kama uchafu haukutoka kwa brashi, uache. Ile rangi ya asali inayokuja na uzee ni yake, usimnyang'anye.

Haya, umeiona moja mahali, muuzaji anaapa ni ya babu yake. Utajuaje?

Watu huanza kutafuta mwaka chini ya kitako. Mara nyingi haupo. Mimi huizungusha mpaka nifike kwetu, maana nchi yetu imebadilishwa jina mara nyingi kiasi kwamba ni kama kalenda. Ukikuta Deutsch-Ostafrika, hiyo ni karatasi ya enzi ya Mjerumani, nayo inua taratibu. Tanganyika Territory ni jina la Waingereza kuanzia 1920. Mwaka huohuo ndipo jirani zetu walipoacha kuitwa British East Africa wakawa Kenya, kwa hiyo angalia pande zote mbili za mpaka, majina yakubaliane. Ukikuta Tanzania, hiyo haiwezi kutangulia Oktoba 1964. Shuka kusini: Zambia nayo ni ya Oktoba 1964, Malawi ya Julai mwaka huohuo, Zimbabwe ya 1980. Kongo ikiandikwa Zaire, uko kati ya 1971 na 1997. Burkina Faso ikiitwa Upper Volta, bado hujafika 1984.

Ukitosheka na Afrika, vuka. Istanbul au Constantinople? Jina la kwanza ndilo rasmi tangu 1930. Leningrad ni jina la 1924 hadi 1991. Ujerumani ni mbili au moja? Dakika tano tu, na utakuwa unajua kuliko anayekuuzia. Ila usiuchukue mwaka huo kama cheti cha kuzaliwa: mchapaji mwenye karatasi za jina la zamani stoo hakuzichoma moto siku nchi ilipopandisha bendera.

Na rangi ya kahawia isikudanganye. Zipo globu mpya zilizochapwa kwa makusudi zionekane kuukuu, bahari rangi ya kumbi la nazi, majahazi, nyangumi wenye meno. Niliwahi kuonyeshwa moja ya namna hiyo kwa bei ya pikipiki. Nikaizungusha, nikaikuta Sudan Kusini, nchi iliyozaliwa 2011. Nikashukuru, nikaaga.

Nilizokutana nazo hapa Tanga nyingi ni za Kiingereza, za George Philip wa London, za kufundishia. Za Columbus ya Ujerumani, kampuni iliyoanzia Berlin mwaka 1909, nimepata moja tu. Replogle ya Chicago, iliyoanza 1930, ililetwa na shemeji kwenye begi la mkononi, imezungushiwa kanga tatu, na kanga moja nimebaki nayo. Kama unanunua kwa mtu wa mbali, usiridhike na picha moja nzuri. Omba picha ya Afrika, ya ncha ya kaskazini, ya kitako, na ya mstari wa ikweta ambako nusu mbili zimeungwa, kwa sababu ikianza kuachana, huachana hapo. Kisha omba video inazungushwa. Ukisikia inakwaruza, mpira umelegea kwenye mhimili na upinde unaikata ramani kila inapogeuka.

Sasa tuje kwenye adui wa kweli, ambaye si sabuni yangu. Ni hewa ya huku. Sisi tunaishi na chumvi. Kusi likivuma, bawaba za dirisha zinatoa kutu, sembuse msumari mwembamba ulioshika dunia nzima. Masika yakiingia, karatasi inanyonya unyevu, inavimba kwenye maungio, halafu kuvu inaanza kwa vidoa vidogo ambavyo utadhani ni visiwa. Mimi nilikuwa na funguvisiwa jipya katikati ya Atlantiki kabla sijaelewa. Mende nao wanapenda gundi ya zamani. Kwa hiyo: isikae ukutani upande wa bahari, isikae dirishani, isikae chini sakafuni. Isikae juu ya friji pia, najua mnapenda. Jua likiipiga mwaka mmoja, wekundu ndio unaotangulia kutoka, na himaya yote ya Mwingereza inageuka rangi ya uji. Na usiifungie ndani ya nailoni eti unaikinga, utakuwa umeifugia kuvu. Hewa ipite tu.

Kwenye stendi za mbao, pekua chini. Ukiona vitundu vya ukubwa wa ncha ya sindano na unga mwembamba mezani kila asubuhi, usiingize stendi hiyo ndani pamoja na kabati la bibi yako.

Kuhusu kupamba, nitasema kwa ufupi maana kila mtu na sebule yake. Nilianza kwa kuzipanga zote juu ya kabati, mstari mmoja, kama machungwa ya Muheza barabarani. Zilionekana za kuuzwa. Sasa ziko mbalimbali: ndogo ya bati kati ya vitabu, kubwa peke yake kwenye meza fupi karibu na kochi. Ule urefu ndio siri yangu moja. Mtu akiketi, ikweta iwe usawa wa macho yake na mkono ufike bila kunyanyuka. Globu iliyo juu, wageni huisifu. Iliyo karibu, huizungusha, na wakishaizungusha hawaagi mapema. Globu ya sentimita 30 ina maana kila sentimita 1 ni kama kilomita 420, kwa hiyo kutoka hapa hadi Pemba hapafiki hata milimita 2. Mjomba wangu aliyevuka huko kwa ngalawa usiku mzima, akitapika, alipoonyeshwa hiyo nafasi aliomba chai.

Ninayo pia ile inayofunguka katikati, iliyotengenezwa kuhifadhi chupa za pombe. Nyumba hii haina chupa. Natunzia udi, na ukiifungua ikweta sebule nzima inanukia.

Kama yako ni ya taa, usiichomeke hivihivi. Waya wa miaka hiyo ganda lake hukatika kama mkate mkavu. Fundi umeme aubadilishe wote, na ndani weka balbu ya LED, isiyo na joto kali, kwa sababu balbu ya zamani huichoma karatasi polepole kutoka ndani. Ya Marekani imetengenezewa volti 120, na huku ni 230, kwa hiyo hata balbu yake usiijaribu. Nayo yangu ya taa ina ufundi wake: ikiwaka unaona nchi na mipaka, ikizimika inabaki milima, mito na bahari tu. Umeme ukikatika usiku, serikali zote zinaondoka kwa pamoja, na watoto wa jirani hupiga makofi.

Ile ya kwanza sikuitengeneza. Nimeiweka kwenye meza moja na ya shule, niliyoinunua wakati stoo ya shule fulani inasafishwa. Hiyo nayo haina Tanga. Pwani yetu imelika mpaka plasta nyeupe, doa la ukubwa wa sarafu ya shilingi mia, lililomeza Mombasa, Dodoma na Unguja kwa mpigo mmoja, kwa sababu kila mtoto aliyesimamishwa mbele akaulizwa "sisi tuko wapi?" aliweka kidole palepale. Wageni wakiziona zimekaa pamoja, kila moja na kidonda chake mahali pamoja, huniambia jinsi watoto wa zamani walivyoipenda jiografia. Siwasahihishi.