Chunusi za ukubwani na uso usiostahimili sabuni

SWALI: Nina umri wa miaka 33, ninaishi Himbi, hapa Goma. Kila mwezi, siku chache kabla ya hedhi, chunusi huniota kidevuni na kwenye taya, kisha huacha madoa meusi. Nilijaribu limau na dawa ya meno, halafu nikauziwa sokoni kremu ya tyubu. Wiki mbili za kwanza uso uling'aa, lakini chunusi zikarudi kwa wingi, na sasa hata maji ya kunawa yananichoma. Nianzie wapi? (Mama wa Himbi)

JIBU: Mama, kabla ya kununua chochote kipya, geuza hiyo tyubu usome maandishi madogo ya ubavuni. Ukikuta klobetasoli au betametasoni, basi umekuwa ukijipaka dawa kali ya kutuliza uvimbe, ambayo hupendezesha uso siku za mwanzo, kisha huifanya ngozi kuwa nyembamba na yenyewe huleta chunusi. Aliyeitumia kwa miezi mingi amwone daktari kwanza ili aiache polepole; wewe uliyeitumia wiki chache iache, ukijua kwamba uso unaweza kuchafuka zaidi kabla ya kutulia. Tyubu isiyo na maandishi ya viambato itupe.

Chunusi za taya na kidevu kwa mwanamke mtu mzima mara nyingi hutokana na homoni, wala si uchafu, kwa hiyo kusugua kwa nguvu hakusaidii. Limau ni asidi kali mno, na sabuni ya kufulia, ambayo wengi wetu tunaogea pia, ina magadi mengi. Vyote viwili huharibu tabaka la juu linalozuia maji yasipotee ngozini, na ndiyo maana uso wako unawaka.

Kwa mwezi mmodi, nawa kwa kisafishaji laini kisicho na manukato, jioni tu, na asubuhi utumie maji matupu ya uvuguvugu. Uso ukiwa bado na unyevunyevu, paka kremu nyepesi yenye gliserini. Asubuhi ongeza kremu ya kinga ya jua ya SPF 30 (kipimo cha nguvu ya kinga) au zaidi: Goma iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, ambako jua huchoma hata hali ya hewa ikiwa ya ubaridi, na jua ndilo linalokoleza madoa unayoyalalamikia. Bei yake si ndogo, nakubali. Ukikosa, kofia pana au mwavuli utakusaidia kiasi.

Uso ukiacha kuchoma, ongeza dawa moja tu. Adapalini ya asilimia 0.1 hupakwa usiku, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, wala si juu ya kipele kimoja kimoja. Anza usiku mmoja kwa kila siku tatu. Nyingine ni benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5, ambayo hutoa rangi kwenye kitambaa, kwa hiyo usilalie foronya ya kitenge unayoipenda. Yoyote utakayochagua, ipe wiki 8 hadi 12 kabla ya kuihukumu.

Ukiwa mjamzito au ukitarajia kupata mimba, adapalini isitumike. Badala yake, mwulize mfamasia kuhusu asidi ya azelaiki, dawa nyingine ya chunusi ya kupaka. Na vikitokea vivimbe vigumu vya ndani vinavyouma na kuacha makovu, nenda kwa daktari bila kungoja hizo wiki 12, kwa kuwa hivyo huhitaji vidonge.